Ghubari: Neno Lililotoka Vumbini

Kamusi zetu hulieleza neno ghubari kuwa ni wingu zito la mvua. Kiarabu, tulikolichukua, hulitumia kwa vumbi. Sidhani waliolihamisha walikuwa na elimu ya anga. Yaelekea waliona kitu cheusi kikiinuka upeoni, na kwa macho ya mbali wingu la masika na wimbi la vumbi vinafanana. Hata hivyo bahati hiyo ya lugha imeangukia ukweli, kwani mvuke ulio hewani haugeuki wingu mpaka upate chembe ya kujikusanyia. Mskoti John Aitken alilionyesha jambo hilo katika karne ya 19. Chembe zenyewe ni ndogo kupita kiasi: ukizipanga elfu kumi katika mstari, huenda zisizidi milimita moja.

Huku Garsen, kando ya Mto Tana nchini Kenya, chembe hizo zina asili nyingi. Upepo wa kusi huja na chumvi ya bahari, kaskazi huja na vumbi la nyika, na tanuri za makaa ya miti ya mathenge zina moshi wake. Lakini ziko chembe zinazozaliwa na miti, na hizo ndizo zilizokosa jina.

Msitu wa ukingo wa Tana, ule wa mikuyu, mikindu na mipopla ya mtoni unaowahifadhi kolobasi mwekundu na mangabei, hauishii kwenye majani. Miti hutoa mvuke. Mipopla na ndugu zake hujulikana sana kwa isopreni, gesi ambayo mimea ya dunia nzima huitoa takriban tani milioni 500 kwa mwaka. Miti mingine hutoa terpeni, na aliyewahi kufukiza ubani kwenye chetezo amekwisha kuzijua kwa pua. Mvuke huo ukikutana na jua na ozoni hubadilika, hupoteza wepesi wake, hushikana na kuwa chembe. Mwaka 1960 Frits Went aliandika kwamba utusitusi wa samawati unaoonekana juu ya misitu chanzo chake ni miti yenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa CERN, Geneva, walionyesha kwamba mvuke wa pineni, mojawapo ya terpeni hizo, unaweza kuzaa chembe bila hata ya asidi ya salfa, yaani anga ilikuwa na njia yake ya kuotesha mawingu kabla ya bomba la kiwanda cha kwanza.

Tuziiteje? Erosoli inafaa maabara, ila masikioni mwa wengi inanuka dawa ya mbu. Vumbi ni la ardhini. Uchafu wa hewa ni matusi kwa mkuyu. Hewa ukaa ilipata jina upesi, nami nashuku ni kwa sababu ilipata soko. Pumzi hii nyingine ya msitu haina mnunuzi. Wako wanaosema mbegu za mawingu, lakini mbegu hubeba uhai wa mmea ujao, na chembe haibebi wingu lolote ndani yake. Kiini nacho kimeshachukuliwa na atomu na seli. Mimi napendekeza kokwa: kitu kigumu kilichozungukwa na majimaji, kama ndani ya embe. Najua nyama ya embe haitoki nje kuja kujibandika. Hakuna istilahi isiyochechemea.

Kinachonisumbua zaidi ya nomino ni kitenzi. Kila kampeni ya upanzi hutuambia miti huleta mvua. Garsen kitenzi hicho kinakwama, maana msitu ule haukukuzwa na mvua ya hapo, ambayo ni haba. Unanyweshwa na mto, kwa maji yaliyonyesha Mlima Kenya na Nyandarua, mamia ya kilomita juu.

Kitenzi cha haki ni kugawa. Maji yaliyo hewani ni yale yale. Kokwa zikiwa chache, kila moja hupata fungu kubwa, nazo zikiwa nyingi, matone huwa mengi na madogo. Katika miaka ya 1970 Sean Twomey alieleza matokeo yake: wingu la matone madogo huwa jeupe zaidi, hurudisha mwanga mwingi wa jua angani, na ardhi iliyo chini hupoa. Tena matone hayo hayaungani upesi, na tone moja la mvua huhitaji kama milioni moja ya matone ya wingu. Kwa hiyo chembe za msitu zaweza kuleta kivuli na papo hapo kuichelewesha mvua. Kuleta hakuwezi kubeba maana hizo mbili, kugawa kunaweza.

Na watu wa Garsen hawahitaji kufafanuliwa kugawa maji. Malka, njia za mifugo kuufikia mto kupitia katikati ya mashamba, zimejadiliwa barazani miaka na miaka kati ya wafugaji na wakulima, na hoja haijawa kama mto una maji, bali nani ayafikie, wapi, na msimu gani.