Mtihani wa Masomo Kumi na Moja

Ufikapo msimu wa mitihani ya mwisho ya vyuo, nyumba zetu nyingi za pwani hubadilika. Taa haizimwi mapema, watoto wadogo hunyamazishwa, na mama humpelekea mwanawe chai usiku. Hayo ni mema. Lakini siku hizo hizo husikika pia maneno yasiyo mema. Mmoja asema kuwa somo fulani halina faida kwake, atasoma lile alipendalo tu. Mwengine atafuta mtu wa kumwibia karatasi ya maswali. Wa tatu hakufungua kitabu mwaka mzima, na sasa akimbilia hirizi. Je, Waislamu waliotutangulia waliuonaje mtihani? Natuitazame historia.

Mwaka 319 H., yaani 931, mtu mmoja alikufa katika mji wa Baghdad kwa kosa la tabibu. Habari ilipomfikia Khalifa Al-Muqtadir, aliamrisha kwamba asiruhusiwe mtu kutibu watu ila aliyekwisha kupimwa elimu yake na tabibu mkubwa, Sinan bin Thabit. Waliopimwa walizidi 860, mbali na wale ambao ujuzi wao ulikuwa mashuhuri. Tazameni sababu ya mtihani ule. Haukuwekwa ili watu wapate vyeo wala ili wajifakhiri mbele ya wenzao. Uliwekwa kwa kuwa roho ya mtu ilipotea mikononi mwa asiyejua.

Ama katika elimu za dini, mambo yalikwenda kwa njia nyengine. Mwanafunzi alikaa mbele ya sheikh wake, akamsomea kitabu mpaka mwisho, na sheikh aliporidhika naye alimpa ijaza ya kukisomesha. Ndivyo ilivyokuwa hata huku kwetu, Lamu, Mombasa na Unguja. Njia hii ilikuwa na kheri nyingi, kwani sheikh alimjua mwanafunzi wake kwa elimu na kwa tabia. Lakini Al-Azhar ya Cairo, msikiti uliofunguliwa mwaka 972, ilikuja kuwa na maelfu ya wanafunzi. Ikawa tabu kumpambanua aliyefuzu na aliyejikalisha tu penye nguzo ya msikiti akasomesha.

Basi mwaka 1872 (1288 H.), katika zama za Khedive Ismail, naye Sheikh wa Al-Azhar akiwa Muhammad Al-Abbasi Al-Mahdi, ilitolewa kanuni ya mtihani. Aliyetaka kuwa mwalimu alipimwa mbele ya maulamaa sita katika masomo kumi na moja: fiqhi, usuli za fiqhi, tauhidi, hadithi, tafsiri, nahau, sarfu, mantiki, na elimu tatu za balagha, nazo ni maani, bayani na badii. Waliofuzu waliwekwa katika daraja tatu.

Huenda kijana akauliza: mtu anayetaka kuwa kadhi, sarfu na mantiki za nini? Jawabu ni kuwa elimu hizi zimeshikana mikono. Asiyejua nahau hatamjua katika jumla nani mtendaji na nani mtendewa, naye akikosea hapo atakosea hukumu. Asiyejua usuli atazijua hukumu, lakini hatajua zimetoka wapi. Asiyejua mantiki atadanganywa na kila hoja yenye maneno matamu. Hivyo hivyo daktari wa leo hawezi kuidharau kemia, wala mhandisi kuidharau hesabu. Somo unalolichukia huenda ndilo nguzo ya lile unalolipenda.

Miongoni mwa waliopita katika mtihani huo ni Sheikh Muhammad Abduh. Aliingia Al-Azhar mwaka 1866, akakaa mtihani mwaka 1877. Alijulikana kuwa mwanafunzi wa Jamaluddin Al-Afghani, na kati ya maulamaa waliompima walikuwamo wasiopendezwa na fikra zake. Alipasi, lakini akapewa daraja ya pili. Hakuisusa elimu kwa ajili hiyo. Aliendelea kusoma na kusomesha, na mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri. Alikuwa pia katika baraza lililosimamia Al-Azhar wakati ilipotoka kanuni ya mwaka 1896, iliyoingiza hesabu na aljebra katika masomo. Fikra zake zilifika hata pwani yetu kwa jarida la Al-Manar, lililoanzishwa mwaka 1898 na mwanafunzi wake Rashid Rida, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alikuwa miongoni mwa waliolisoma. Kijana aliyepata chini ya alivyotarajia naazingatie habari hii kabla ya kukata tamaa.

Sasa, masomo mengi hutengenezwaje? Imam Az-Zarnuji, aliyeishi zaidi ya miaka 800 iliyopita, aliandika kitabu kiitwacho Taalim al-Mutaallim juu ya adabu za mwanafunzi. Humo anausia kuwa somo la jana lirejewe mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, kisha mara mbili, kisha mara moja. Anahimiza kusoma baina ya magharibi na isha, na wakati wa daku. Anasema tena kuwa kujadiliana saa moja na mwenzako muadilifu kunashinda kurudia peke yako mwezi mzima. Anamtaja pia Imam Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaybani (aliyefariki mwaka 805), mmoja wa walimu wa Imam Shafii. Huyu alikesha na vitabu vyake mbele yake, akichoka na elimu moja hushika nyengine, na maji yako kando ya kufukuzia usingizi. Basi aliyechoka na hesabu si lazima akalale au akazurure barazani. Naafunue historia.

Ndugu zangu, dua ni silaha ya muumini, lakini mkulima huomba mvua baada ya kulima. Ama kuiba mtihani si werevu, ni khiyana. Aliyeiba mtihani wa udaktari amemwibia mgonjwa asiyemjua, na aliyeiba mtihani wa ualimu amewaibia watoto wetu. Cheti atapewa, lakini siku ya haja kitamfedhehesha, na mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna karatasi ya kuficha.

Nasi wazazi tusimuulize kijana "Umekuwa wa ngapi?" tu. Tumuulize pia "Umejifunza nini?" Tumpe nafasi ya kusoma, tusimtume dukani kila saa, wala tusimwambie kuwa akianguka ametuaibisha. Neno hilo limewatia wengi katika wizi.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu fahamu zao, na aijaalie elimu yao iwe ya manufaa kwao na kwa watu. Amin.