Sina Digrii ya Chuo, Lakini Ninayo ya 56

Wasee, kila nikiweka video ya gofu, komenti ya kwanza ni ileile: "Wacha hizo, hiyo ni mchezo ya wazungu na mawaziri." Ya pili huwa: "Isiolo na gofu wapi na wapi?"

Sawa. Leo sijibu na matusi, najibu na historia. Na siongelei gofu yote, naongelea kifaa kimoja tu: weji. Ni ile fimbo fupi yenye uso uliolala nyuma, unayoishika ukiwa umebakisha kama mita 100 hivi kufika kwa bendera, au umekwama kwa mchanga, au mpira uko hatua chache tu nje ya grini. Pigo refu ndilo watu hupigia makofi. Lakini pigo la mita 250 linahesabiwa moja, na la nusu mita kuingia shimoni pia linahesabiwa moja. Mechi huamuliwa huku karibu.

Maoni yangu nayasema mapema: sehemu kubwa ya historia ya weji ililetwa na watu waliokuwa wanabeba mabegi ya wengine. Na kuna kipande cha Kenya ndani yake ambacho hatujawahi kukidai.

Kedi aliyeacha shule

Mpaka karibu mwaka wa 1930, mtu akiingia kwa bunka, yaani lile shimo la mchanga, alitoa fimbo iliyoitwa niblick. Ukingo wake ulikuwa mwembamba kama panga. Ukipiga mchanga inazama, unalima kama jembe, na mpira unakuangalia tu. Mwaka wa 1930 Bobby Jones, mkali wa enzi hiyo, alitumia fimbo yenye uso uliobonyea kama kijiko kwenye British Open kule Hoylake. Mwaka uliofuata wakuu wa mchezo wakapiga marufuku nyuso za aina hiyo, kwa sababu zinaweza kugusa mpira mara mbili kwa pigo moja.

Hapo ndipo anaingia Gene Sarazen. Jina alilozaliwa nalo ni Eugenio Saraceni, mtoto wa seremala, familia ya wahamiaji kutoka Italia waliokuwa New York. Alianza kubeba mabegi kama kedi akiwa mtoto mdogo na shule akaiacha mapema. (Ndiyo, namtaja nikiwa na sababu. Mimi pia chuo niliachana nacho, na bado nasoma kuliko nilivyokuwa nasoma darasani.)

Mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa anajifunza kurusha ndege pamoja na tajiri Howard Hughes, akaona jinsi mkia wa ndege ukishuka, pua inainuka. Akajiuliza: je, fimbo ikiwa na kitu kama mkia? Mwaka wa 1931, akiwa Florida, akachukua niblick zake na kuyeyushia risasi chini ya soli. Naongelea risasi ile metali, si ya bunduki, nyinyi watu wa Isiolo. Akaongeza, akasugua, akajaribu kwa mchanga, akarudia. Mwishoni soli ikawa nene, na sehemu ya nyuma ikawa chini kuliko ukingo wa mbele. Sasa ikigonga mchanga haizami. Inateleza, inasukuma mchanga, na mchanga unainua mpira.

Mwaka wa 1932 akaenda nayo British Open kule Prince's, Uingereza. Alisema alikuwa anaiweka kichwa chini ndani ya begi ili wakuu wasiione na kuipiga marufuku kabla mashindano hayajaanza. Akashinda. Mwaka huohuo akashinda na US Open. Ile pembe ya soli aliyoitengeneza kwa mikono yake ndiyo leo inaitwa baunsi, na iko kwa kila weji unayoona dukani.

Fimbo moja, ufuoni

Ruka miongo michache, twende Pedreña, kaskazini mwa Uhispania. Kijana anaitwa Seve Ballesteros, mtoto wa mkulima, naye ni kedi. Kedi hawakuruhusiwa kucheza kwa uwanja wanavyotaka, kwa hivyo alijifunzia ufuoni, kwa mchanga, na fimbo moja tu: ayoni namba 3, ambayo kwa kawaida ni ya mapigo marefu. Usiku alikuwa anajipenyeza uwanjani. Hebu fikiria kutoa mpira mchangani na fimbo ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo. Lazima mikono ijifunze kuulaza uso, kuusimamisha, kupunguza nguvu. Akipewa weji halisi, huyo mtu atakuwa mchawi. Na alikuwa. Alishinda mataji makubwa matano, na mpaka leo watu wakiorodhesha wakali wa mapigo mafupi, jina lake halikosi.

Kabla ya taji lake kubwa la kwanza mwaka wa 1979, huyu Seve alikuja Kenya. Mwaka wa 1978, hajafika hata miaka 22, alishinda Kenya Open pale Muthaiga, Nairobi.

Sasa jiulize ni nani walikuwa wamesimama pembeni siku hiyo wakiwa na mabegi mabegani. Kedi wetu. Vijana wenye historia kama ya yule aliyekuwa anashinda.

Lango

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Kufikia 1906 tayari kulikuwa na Nairobi Golf Club, ile ambayo sasa ni Royal Nairobi. Yaani mji haujakauka rangi na wazungu wana pahali pa kucheza. Mwafrika aliingia kama mkata nyasi, mpishi au kedi. Huku kwetu, wakati huohuo wa ukoloni, NFD nzima ilikuwa wilaya iliyofungwa, unahitaji kibali kuingia na kutoka. Kwa hivyo msituulize kwa nini Isiolo hatukukua na gofu. Wengine walifungiwa nje ya klabu, sisi tulifungiwa ndani ya jangwa.

Lakini kedi ana macho. Anaona kila pigo, anajua mteremko wa kila grini, anajua fimbo gani hapa na fimbo gani pale. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza hivyo, wakifanya mazoezi na fimbo za kuokota au za kuazima. Na kama huna uwanja, pigo refu huwezi kujifunza, utavunja dirisha la mtu. Pigo fupi unaweza kulijifunzia nyuma ya jikoni.

Kenya Open ilianza 1967. Hadi ile ya 2025, hakuna Mkenya ameshinda hata moja. Hiyo isikuuzie uongo kwamba hatuna vipaji. Inakuonyesha lango lilikaa limefungwa muda gani.

Nyasi yetu iko Los Angeles

Hii sehemu ndiyo hunipa raha.

Kuna nyasi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Dunia nzima wanaiita nyasi ya Kikuyu, wamechukua jina hapa hapa kwetu. Karne iliyopita ilisafirishwa Afrika Kusini, Australia, na California, ambako waliipanda kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ikakataa kuondoka. Leo iko kwa uwanja wa Riviera, Los Angeles, mmoja wa viwanja maarufu zaidi Marekani.

Wachezaji wanaiogopa hasa kwa mapigo mafupi. Shina zake ni nene na zimesukana kama mkeka. Ukijaribu kuviringisha mpira chini chini kuelekea grini, nyasi inaudaka. Ukiingiza weji kivivu, inakamata fimbo na kugeuza uso. Dawa ni kugusa mpira kwanza, kupiga kwa kasi bila kusita, na kuufanya utue juu ya grini badala ya kuuachia nyasi. Tiger Woods alicheza mashindano yake ya kwanza ya PGA Tour hapo Riviera mwaka wa 1992 akiwa na miaka 16, na hajawahi kushinda hapo. Sisemi ni nyasi peke yake. Nasema tu nyasi ilikuwepo.

Na gofu ya Olimpiki ya 2028 itachezewa hapo hapo. Nyasi ya mlimani kwetu imefuzu Olimpiki kabla yetu, manze.

Sasa uchague gani?

Nilimuuliza kedi mmoja mzee kule Nanyuki, kilomita 80 hivi kutoka hapa. Nikamwambia, "Mzee, ninunue weji gani?"

Hakutaja kampuni hata moja. Akasema, "Kijana, kwanza angalia chini. Unapigia wapi?"

Hiyo ndiyo historia yote ya weji kwa sentensi moja. Sarazen aliangalia mchanga, Seve aliangalia ufuo. Kwa hivyo:

Ardhi ngumu, kavu, kama hii yetu ya Isiolo wakati wa kiangazi: tafuta baunsi ndogo, digrii 4 hadi 6. Baunsi kubwa itadunda kwa udongo na kugonga mpira kwa tumbo. Weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu na uguse mpira kabla ya chini.

Mchanga laini, au nyasi nene kama ile ya Kikuyu: baunsi 10 kwenda juu. Kwa bunka usiguse mpira kabisa, piga mchanga kama sentimita 5 nyuma yake. Pahali pa mazoezi tunapo bure: laga yoyote iliyokauka ni bunka kubwa kuliko zote za Muthaiga.

Kama doo inatosha fimbo moja tu, chukua ya digrii 56 yenye baunsi ya katikati, 8 hadi 10. Ukiufungua uso, baunsi inaongezeka. Ukiusimamisha, inapungua. Fimbo moja, kazi tatu. Ukipata nyingine baadaye, iwe ya 50 au 52, ijaze pengo kati ya hiyo na ile ya 46 inayokuja na seti. Ya digrii 60 iache kwanza, itakuaibisha mbele ya watu.

Ukinunua ya mkono wa pili, pitisha ukucha kwa ile mistari ya usoni. Kama ukucha unateleza bila kushikwa, mistari imelika na mpira hautashika breki kwa grini.

Kwa nini nasumbua

Kwa sababu mipango ya LAPSSET ina mji wa kitalii hapa Isiolo. Miaka inapita tukisikia unakuja. Miji ya aina hiyo hupenda gofu, na gofu hupenda maji, na maji hapa tunayapigania na mifugo. Hayo maswali tuyaulize mapema, kwa sauti. Na kama uwanja utajengwa, nataka tuulize na lingine: vijana wa Bulla Pesa watakuwa wameshika nini siku ya ufunguzi? Begi la mtu, au weji yao?

Kubeba begi si aibu, mashujaa wangu wote wawili walibeba. Aibu ni miaka mia kupita na lango liwe palepale.

Haya, mwenye komenti ya "si mchezo yetu" aje sasa. Lakini akuje na mwaka na jina, kama mimi.