Selma: muji mudogo unaotuhusu sisi tuliorudi

Selma ni muji mudogo wa Alabama, kusini mwa Marekani, kando ya muto. Seneta John Tyler Morgan alikaa pale. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya Live Oak. Mwaka wa 1884 Marekani ilikuwa inchi ya kwanza kukubali bendera ya Leopold II hapa Kongo, na Morgan alisukuma sana jambo hilo. Sababu? Alitaka watu weusi wa kwao, waliotoka utumwani, waletwe huku: eti warudi Afrika. Wenyewe hawakuulizwa.

Lakini walibaki. Tarehe 7 Machi 1965 watu karibu 600 walitoka kanisa la Brown Chapel kudai haki ya kupiga kura. Kwenye kilalo cha Edmund Pettus, chenye jina la jenerali wa jeshi lililotetea utumwa, polisi waliwapiga fimbo. Agosti ileile sheria ya kura ikatiwa sahihi.

Basi ndugu zangu, tukiandika majina ya familia za kurudi, tuulize kwanza baba, mama na vijana: ninyi wenyewe munataka?