Vijana Wawili Walioomba Kutumwa Paimol

Likizo ikifika, vijana wa parokia zetu, hapa Kamatanda na kule Likasi mjini, hupenda kwenda vijijini: siku tatu za ngoma, nyimbo na mafundisho, kisha kila mtu kwao. Hatuwalaumu, sisi nasi tulikwenda hivyo. Lakini leo tuwasimulie habari za wawili waliokwenda wakakaa.

Daudi Okelo na Jildo Irwa walikuwa Waacholi wa kaskazini ya Uganda. Walibatizwa pamoja katika misioni ya Kitgum tarehe 6 Juni 1916. Baadaye mwalimu wa dini wa Paimol akafariki, na Daudi akamwendea Padre Cesare Gambaretto kuomba nafasi ile. Padre alisita. Paimol ni yapata kilomita 80. Kwetu ni kama theluthi mbili za njia ya Lubumbashi, na kwa miguu, tena katika nchi yenye wanyang'anyi. Daudi alikuwa na miaka 16 hivi, naye Jildo, aliyetaka kufuatana naye, alikuwa mdogo zaidi. Daudi akajibu kwamba haogopi kufa. Basi wakaruhusiwa, wakaondoka mwishoni mwa mwaka 1917.

Kazi yenyewe haikuwa ya makuu. Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita wanafunzi wasali. Sala na majibu ya katekisimu waliyarudia kwa kuimba mpaka yakashika kichwani. Jildo aliwachezesha watoto. Wanafunzi wakienda shambani au kuchunga ng'ombe, walimu waliwafuata huko huko. Jua likitua, rozari. Hivyo kwa miezi kumi hivi, na hapakuwa na mtu wa kuwapongeza.

Mwaka 1918 serikali ya Waingereza ilimwondoa mkubwa mmoja wa nchi ile, watu wakachafuka. Alfajiri moja ya mwezi wa Oktoba watu wenye mikuki walifika. Mzee wa kijiji akawazuia, akisema walimu ni wageni wake. Daudi akatoka mlangoni, akamsihi mzee asijitie katika jambo lile. Wakamchoma mkuki. Jildo akawaambia kwamba walikuja pamoja na kufundisha pamoja; naye wakamwua.

Mwaka 1926 mifupa yao ilichukuliwa Kitgum, na tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza Wenyeheri. Mahali walipouawa watu hupaita Wi-Polo, yaani mbinguni.