Kabla Mguu Haujakatwa: Historia ya Tiba ya Tundu Dogo

Huenda mtaani kwako, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, wamjua mzee aliyekatwa mguu kwa ajili ya sukari. Mshipa huziba, damu haifiki chini, kidole chaanza kuwa cheusi, kisha ni msumeno. Hebu tuulize: ni lazima iwe hivyo kila mara?

Kisa hiki kina mkono wa Waislamu. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Cordoba huko Andalus aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kitabu kiitwacho Al-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, pamoja na michoro ya vifaa. Kijiwe kikikwama kwenye njia ya mkojo, hakukimbilia kisu. Alieleza namna ya kupitisha keekee nyembamba ya chuma kwa njia ile ile, kuizungusha polepole mpaka kijiwe kivunjike na vipande vitoke na mkojo. Umeona? Fikra ya kutibu ndani bila kupasua ina miaka elfu.

Alichokosa ni jicho la kuona ndani. Jicho hilo lilipatikana 1895, Röntgen wa Ujerumani alipogundua eksrei. Mwaka 1929 daktari kijana, Werner Forssmann, alijitia mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma hadi moyoni, kisha akaenda kwa miguu chumba cha eksrei kuhakikisha. Si mchezo! Mwaka 1956 akapewa tuzo ya Nobel. Naye Seldinger wa Sweden, mwaka 1953, akaonyesha njia nyepesi: tia sindano, pitisha waya ndani yake, toa sindano, kisha mpira ufuate waya.

Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 alikataa katakata kukatwa mguu uliokuwa ukioza. Dkt. Charles Dotter akapitisha waya na mipira huku akitazama kwa eksrei, akaupanua mshipa uliobana. Damu ikarudi, na bibi akaishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Na huku kwetu je? Mwaka 2018, madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walianza kufundisha fani hii hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na 2019 chuo cha MUHAS kikaanza kuisomesha kwa shahada ya uzamili. Madaktari wetu wakajifunza kwa sindano na picha kutoa usaha, kufungulia nyongo au mkojo uliozibwa, na kuchukua kipande cha uvimbe ili upimwe. Dar si mbali, ni basi tu la kupita Lungalunga.

Ndugu yangu, si kila mguu utaokolewa kwa njia hii. Aliyechelewa huenda ikabidi akatwe. Lakini Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake, basi kuitafuta ni juu yetu. Mwezi huu baada ya futari, mtazame babu miguu. Ukiona kidonda kisichopona, mvushe feri mapema, na umuulize daktari: mshipa waweza kufunguliwa? Nawe uliyeko shule, shika sayansi. Al-Zahrawi ametuachia kazi.