Unajifunza urubani? Bado hujafika pa kubeba mtu

Watu wangu, leo tuongee ndege. Ukiwa unasomea urubani, siku mkufunzi anakuruhusu kupaa bila yeye, unapaa peke yako kabisa. Si mamako, si mpenzi wako, si yule jamaa wa kukushikia kamera. Abiria anangoja mpaka upate leseni ya rubani binafsi. Kwa viwango vya kimataifa, hiyo inataka uwe na angalau miaka 17 na saa kama 40 za kuruka. Hata ukishaipata, huruhusiwi kumlipisha mtu nauli.

Najua kuna wenye wataniambia hiyo ni roho mbaya tu ya serikali. Basi twende kwa historia.

Mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege ya injini alikuwa abiria. Ni Luteni Thomas Selfridge wa jeshi la Marekani, tarehe 17 Septemba 1908, huko Fort Myer, Virginia. Rubani alikuwa Orville Wright mwenyewe, mmoja wa wale ndugu wawili waliounda ndege. Rafadha ilivunjika wakiwa hewani. Orville aliumia vibaya lakini akapona. Kama fundi kama huyo alipoteza abiria, mwanafunzi wa wiki tatu atasemaje?

Lakini kisa chenye kinaniuma ni cha 1996. Jessica Dubroff, mtoto wa miaka 7, alitaka kuvuka Marekani kwa ndege kutoka Half Moon Bay, California. Ndani walikuwa watatu: yeye, babake na mkufunzi. Huko leseni ya mwanafunzi inaanza miaka 16, kwa hivyo kisheria Jessica hakuwa hata mwanafunzi. Kwenye karatasi alikuwa abiria, na rubani ni mkufunzi. Kwenye televisheni, rubani alikuwa yeye. Na hata rekodi yenyewe haikuwepo, maana Guinness walikuwa wameshaacha kuhesabu marubani wadogo.

Asubuhi ya tarehe 11 Aprili walipaa kutoka Cheyenne, Wyoming, kwenye mvua na upepo mkali. Ndege ilikuwa imezidi uzito, na hewa ya huko juu ni nyepesi. Ilianguka muda mfupi tu baadaye. Wote watatu walikufa. Wachunguzi walilaumu uamuzi wa mkufunzi wa kupaa katika hali hiyo, wakaongeza kwamba ratiba ngumu na miadi ya vyombo vya habari ilichangia. Oktoba mwaka huohuo, Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia asiye na leseni kushika usukani kwa ajili ya kusaka rekodi.

Sasa mnaona? Sheria ya abiria haiangalii mikono yako peke yake, inaangalia pia kichwa chako. Ukiwa peke yako, mawingu yakiwa mabaya unarudisha ndege na hakuna wa kukucheka. Ukiwa na mtu kando ambaye umemwahidi safari, na kamera inarekodi, kusema "leo haiwezekani" kunakuwa kugumu sana.

Sisi wa kusaka kiki ndio tunafaa kuielewa hii sheria kuliko wote. Video ya kwanza na abiria inaweza kungoja leseni. Ama nyinyi mnaonaje?