Farasi Mdogo Chini ya Nyuzi

Kijibao chembamba kinachoinua nyuzi za fidla, Mwingereza hukiita bridge, yaani daraja. Mromania hukiita căluș, yaani farasi mdogo. Tofauti hiyo haimsumbui mfasiri. Atafungua kamusi, ataona kwamba kitu ni kilekile, ataendelea na kazi. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba msamiati wa fidla unavuka kirahisi kutoka Kiingereza kwenda Kiromania na kurudi, maadamu ala yenyewe ni moja tangu Cremona ya Italia hadi Bucharest. Naona urahisi huo unaishia kwenye mbao na nyuzi. Maneno ya Kiromania ya muziki hayakushuka na ala katika sanduku moja. Yalifika kwa njia tofauti, mikononi mwa watu wa vyeo tofauti, na mfasiri asiyezijua njia hizo atapatia majina ya vipande vya fidla na kukosea jina la mwenye kuipiga.

Ushahidi uko katika maneno yenyewe. Coardă, uzi, ni la Kilatini, na arcuș, upinde wa kupigia, ni mtoto wa arc, Kilatini vilevile. Lakini uzi huohuo una jina la pili, strună, lenye asili ya Kislavoni, nalo limezama kiasi kwamba Mromania akitaka kusema mambo yanakwenda barabara husema yanakwenda strună. Utomvu mkavu unaosuguliwa kwenye nywele za upinde ni sacâz, neno la Kituruki. Diez na bemol, alama za kupandisha na kushusha noti, ni za Kifaransa. Hizo ni za tabaka la juu kabisa, la karne ya 19, pale wasomi wa Bucharest na Iași walipoigeukia Paris katika kila jambo. Mwaka 1864 mtawala Alexandru Ioan Cuza alianzisha konsevatori, yaani shule za muziki, katika miji yote miwili. Kabla ya hapo muziki ulioandikwa ulikuwa zaidi wa kanisani, kwa alama zilizorithiwa kutoka kwa Wagiriki. Mtawa Macarie ndiye aliyechapisha vitabu vya nyimbo hizo kwa Kiromania, huko Vienna, mwaka 1823. Mpiga fidla wa harusini hakuwa mwanafunzi wa kanisa wala wa konsevatori. Alijifunza kwa sikio, kwa baba au mjomba.

Watasema muziki una lugha yake ya pamoja, Kiitaliano, na kwamba allegro ni allegro London na Iași. Kweli, lakini Kiitaliano hutoa maagizo ya upigaji tu, na hata humo hakiwi suluhisho. Ukurasa ukisema sul ponticello, yaani juu ya daraja dogo, Mwingereza anaikuta bridge yake bila kufikiri, ilhali Mromania lazima abadili daraja kuwa farasi kabla ya kugusa uzi. Katika urefu wa noti mambo yamegeuka kichekesho. Kiromania huhesabu kwa mafungu: doime ni nusu, pătrime ni robo, optime ni thumni. Mmarekani naye huhesabu vivyo hivyo, kwa kufuata Wajerumani. Mwingereza amebaki na crotchet kwa robo na quaver kwa thumni, kwa hiyo katika jambo hili Bucharest iko karibu na New York kuliko London ilivyo. Mtego uko kwa Mromania aliyesoma Kifaransa: anaiona crotchet, anaikumbuka croche, na anaandika thumni mahali pa robo. Herufi nazo zina hila. B ya Mwingereza ni si ya Mromania, lakini B ya Mjerumani ni si bemol. Anayefasiri makala ya Kiingereza yaliyotoka kwa Mjerumani na aangalie mara mbili.

Hayo yote, hata hivyo, hurekebishwa kwa uangalifu tu. Neno lisilorekebishika ni lăutar. Limetoka kwa lăută, ala ya nyuzi ambayo jina lake, ukilifuata hadi mwisho, linafika kwa Kiarabu al-ud, nasaba moja na udi wa taarabu yetu. Lăutar ni mpigaji wa riziki, wa harusi na karamu, mara nyingi kwa fidla, na kazi yake hurithiwa katika ukoo. Wengi wao walikuwa Waroma, na Waroma wa Moldavia na Wallachia, nchi za Waromania za wakati huo, walikuwa watumwa wa mtawala, wa makabaila na wa monasteri hadi sheria za 1855 na 1856 zilipomaliza utumwa huo. Mwanamuziki aliweza kuuzwa pamoja na ustadi wake. Neno la Kiingereza violinist linamvisha koti la konsevatori. Ukimwita gypsy, umetaja kabila la Waroma, tena kwa jina ambalo wenyewe wengi hawalitaki, na umeiacha kazi, kwani kulikuwa na lăutari Waromania na Wayahudi pia.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi: Kiingereza kina fiddler, mpigaji wa kijijini, kwa nini asitumike? Ningekubali kama mpaka kati ya violin na fiddle ungelingana na mpaka wowote wa Kiromania. Haulingani. Kiromania kina vioară, jina la wote, la lăutar na la profesa. Majina mengine yamegawanywa na ramani zaidi ya hadhi: scripcă la Moldavia, ceteră la Maramureș na Transilvania. Bihor wana hata fidla yenye tarumbeta ya bati, aina ambayo Augustus Stroh aliipatia hataza London mwaka 1899. Ala ya mhandisi wa jijini imekuwa ala ya kijiji. Fiddler, zaidi ya hayo, anaweza kuwa mkulima anayejifurahisha jioni. Lăutar hulipwa.

George Enescu, mtunzi na mpiga fidla wa Romania aliyezaliwa Liveni mwaka 1881, alipata masomo yake ya kwanza akiwa na miaka 4 kwa lăutar aliyeitwa Lae Chioru, kisha akaenda Vienna na Paris. Mwaka 1940 alipoandika kumbukumbu za utotoni kwa fidla na piano, kipande cha kwanza, cha fidla peke yake, alikiita Ménétrier, mpigaji wa vijijini wa Ufaransa ya zamani. Kwa Kiingereza kimekuwa The Fiddler, pengine The Minstrel, majina mawili kwa mtu mmoja na yote mawili yamemkosa. Neno la Kiromania liachwe lilivyo, lăutar, lielezwe mara moja tu chini ya ukurasa, na farasi mdogo abaki kuwa daraja.